Kanuni za Kuvunja Mbele ya Mjukuu

Asubuhi ile redio ya kinyozi ilitangaza kwamba watu wazima watafundishwa Kiingereza bure, ila ni marufuku mtu kufungua mdomo mpaka amalize sarufi yote.

"Bure?" Kinyozi, anayeitwa Kipaza kwa makelele yake, alizima mashine kichwa cha mteja kikiwa nusu. "Hawa hawa walionivika kibao shingoni darasa la tatu, kisa nimeomba kwenda chooni kwa lugha ya mama yangu? Sijasahau mimi!"

"Punguza jazba," alisema Profesa, karani mstaafu, akipuliza kahawa aliyonunuliwa. "Lugha ni kanuni. Nomino, kitenzi, kielezi. Bila hizo unabweka tu."

"Na kichwa changu?" aliuliza mteja.

"Subiri, tunaongelea mambo ya maana!"

Gundi, fundi viatu wa hapo mlangoni, hakuchangia. Macho yake yalikuwa kwenye simu aliyoiegemeza kwenye kopo la misumari. Binti yake wa ng'ambo alikuwa apige, na leo mjukuu, asiyejua lugha nyingine ila Kiingereza, angeongea na babu yake kwa mara ya kwanza. Mwezi mzima Profesa kamkaririsha nyakati za vitenzi. Gundi anazijua zote kwa majina, kama wakwe, na kama wakwe, anaziogopa.

Simu ikaita.

"Anza na wakati uliopo!" Profesa aliruka.

"Uliopo hali ya kuendelea!" akadakia Kipaza.

"Mtoto haendelei, yupo tu!"

"Nyamazeni, jamani!" Gundi aliwakemea.

Kwenye kioo akatokea mtoto kibogoyo, kanuna. Gundi akakohoa. Kanuni zote zikamkimbia. Akaokota maneno yaliyokuwa karibu, akayashona hivyo hivyo, akamwarifu mjukuu kwa Kiingereza kwamba babu alikuwa kiatu, na kesho amekula nyundo.

"Umeua!" Profesa alijishika kichwa. "Umeua nyakati zote tatu!"

Mtoto akaangua kicheko, akabiringika hadi chini ya kochi, akaibuka akidai arudiwe. Gundi akarudia, akaongeza na mbuzi mwenye soksi. Mtoto akakibusu kioo mpaka kikaingia ukungu.

Simu ilipokatika, Profesa alifoka. "Aibu gani hii! Kesho tunaanza upya!"

"Tena uje mapema," Gundi alisema, akijifuta machozi kwa aproni. "Niletee kanuni nyingine, ndugu yangu. Za leo nimezivunja zote, na mjukuu kasema kesho anapiga tena."