Mwanga Mdogo wa Mfukoni

Jumatatu, 3 Machi

Kosa la watu wengi wakipewa kifaa kipya ni kukiwasha kabla ya kukieleza. Mimi nilikieleza kwanza. Nilimkalisha mke wangu sebuleni nikamfafanulia projekta ya mfukoni: ni ndogo kama kipande cha sabuni, unaiunganisha na simu, na kilichomo kwenye simu kinatokea ukutani kwa ukubwa wa mlango. Kanuni ya lenzi. Historia fupi ya lenzi. Nilipofika kwenye kuiwasha, chaji ilikuwa imekwisha. Kumbe ilikuwa inawaka mfukoni muda wote. Nilihisi joto pajani, nikadhani ni furaha ya kufundisha.

Binti yetu ameituma ili tuone picha za wajukuu. Nina mipango mikubwa zaidi. Maktaba ya mtaa inatafuta mwalimu wa darasa la watu wazima, kila Jumamosi. Waombaji ni wawili: mimi, mwalimu mstaafu wa Kiswahili, na Bwana Rula, mstaafu wa hesabu. Tulifundisha shule moja miaka ishirini na sita bila kukubaliana hata saa ya chai. Kila mmoja atatoa somo la majaribio Jumamosi hii, kisha mkutubi atachagua.

Tangu nistaafu, miaka mitatu sasa, hakuna mtu aliyenisikiliza hadi mwisho wa sentensi. Ninalitaka darasa hili kuliko ninavyoweza kumwambia mtu.

Jumanne, 4 Machi

Jaribio la kwanza. Saa tano asubuhi, ukuta wa sebule. Hakuna kitu. Nilisogeza kifaa mbele, nikapata picha angavu yenye ukubwa wa stempu. Nilikirudisha nyuma, nikapata picha kubwa sana ya ukungu. Nikamweleza mke wangu kwamba mwanga ni uleule, ila ukiutandaza unakuwa mwepesi, kama siagi kwenye mkate. Akajibu kwamba hiyo siagi haipo.

Giza pekee mchana huu liko ndani ya kabati la nguo. Nikaingia. Picha safi kabisa, mgongoni mwa koti langu la harusi. Nilifundisha ngeli tatu mle ndani bila kukatizwa. Mke wangu alipofungua kuchukua shuka, hakuuliza kitu. Alichukua shuka akafunga mlango. Nimeoa mwanamke mwenye subira, ingawa alifunga kwa ufunguo.

Jumatano, 5 Machi

Nimepita maktaba. Madirisha kumi na mawili, hakuna pazia hata moja. Nimemwomba mkutubi ayafunike. Amesema watu huja pale kusoma, mwalimu, na kusoma gizani bado hakujaanza. Bwana Rula alikuwepo, anapangusa ubao kwa kitambaa chake mwenyewe. Akauliza kwa sauti ya upole kama kifaa changu kinatumia chaki ya aina gani.

Ushindi uko kwenye hadhira. Yeye aje na pembetatu zake, mimi nije na umati. Nimeandika tangazo, nikalibandika kwenye mlango wa duka:

MWANGA MDOGO WA MFUKONI. Jumamosi, saa nne asubuhi, maktaba. Mbele ya macho yenu.

Ninaomba itazamwe ile hali ya kutokuwa na kitenzi. Tangazo zuri halina kitenzi. Kitenzi humchosha anayepita.

Alhamisi, 6 Machi

Tangazo linafanya kazi. Mwenye duka amenihudumia kwanza, nikiwa wa sita kwenye foleni. Wote watano walisogea wenyewe. Fundi cherehani wa jirani, ambaye kwa kawaida hunisimulia habari za magoti yake, amenisalimia akiwa upande wa pili wa barabara, tena kwa kuinamisha kichwa. Heshima ya elimu inarudi mtaani.

Ijumaa, 7 Machi

Haikuwa heshima.

Mke wangu amerudi kutoka saluni akiwa amesukwa nywele nusu. Msusi amemuuliza, kwa woga, kama mzee humweka kwenye mfuko wa shati au wa suruali. Amweke nani, akauliza mke wangu. Yule mwanga, mama. Na anakula nini?

Nikakaa chini. Nieleze, maana jambo hili ni zuri sana kisarufi. Mwanga wa taa uko ngeli ya tatu. Mwanga mchawi, yule wa kuruka na ungo, yuko ngeli ya kwanza. Sasa kivumishi hakiwatenganishi: mdogo ni mdogo, wa mfukoni ni wa mfukoni. Kinachowatenganisha ni kitenzi tu. Wa taa unawaka, mchawi anawaka. Na kitenzi nilikitoa mwenyewe. Nimefundisha jambo hili miaka thelathini. Nilimweleza mke wangu lilivyo zuri. Akauliza nywele za upande wa pili zitasukwa na nani.

Nikakimbia dukani kuweka kitenzi. Kumbe mtu amenitangulia. Chini ya tangazo langu, kwa mkono ulionyooka na mstari uliopigwa kwa rula, kuna neno moja: HAUMI.

Haumi. Yaani yeye, huyo mchawi, hang'ati mtu. Mtu wa hesabu, na amepatanisha kiima na kitenzi bila kosa. Nilisimama pale nikiwa na hasira, na fahari kidogo pia. Kisha nikatoa kalamu nikaongeza herufi moja. HAUUMI. Yaani mwanga hauumi macho. Ngeli ya tatu, salama.

Mwenye duka alisoma juu ya bega langu. Akasema taratibu kwamba mzee, umerudia u.

Jumamosi, 8 Machi

Bwana Rula alianza saa tatu. Pembetatu. Wasikilizaji watatu, ambao yeye alisema ndiyo idadi sahihi.

Saa nne walikuja kama tisini. Viti vikajaa, waliobaki wakazunguka nje na kuziba madirisha, uso juu ya uso, yote kumi na mawili. Sikutegemea hilo. Ukumbi ukawa giza. Nikawasha. Ukutani ukatokea mti, mkubwa kuliko kabati la vitabu, kila jani lake. Nikasikia watu tisini wakivuta pumzi. Nikasema mti, miti. Wakaitikia mti, miti. Nilitaka asubuhi ile isiishe.

Sasa, kasoro moja ya projekta hizi ni kwamba inaonyesha kila kinachotokea kwenye simu. Mke wangu akapiga. Alitaka kujua kama nimeondoka na ufunguo wa stoo. Picha yake niliyoihifadhi kwenye simu ni ile aliyopigwa akiwa amepaka dawa nyeupe ya uso, amefumba jicho moja. Mti ukatoweka, akatokea yeye, kutoka sakafuni hadi darini, akitetemeka pamoja na simu.

Fundi cherehani akasema ndiye huyo.

Walioziba madirisha ndio waliotangulia kukimbia. Mwanga ukaingia, wa jua sasa, na picha ikafutika papo hapo. Hilo liliwamaliza waliobaki ndani. Kwao, yule mwanga amewaona na amejificha.

Walibaki saba: wenye magoti mabovu na msusi, pamoja na mkutubi na Bwana Rula. Chaji ikakata. Kwa kuwa sikuwa na kingine cha kufanya, nikawaeleza kilichotokea. Mwanga wa taa, mwanga mchawi, kitenzi nilichokitoa, ile u niliyoiongeza. Kwa mdomo mtupu, saa nzima. Hakuna aliyenikatiza. Bibi mmoja aliuliza vipi kuhusu mkono na mkwe. Msusi, aliyeshindwa kukimbia kwa sababu ya viatu vyake, alisema kama shuleni wangemfundisha hivi asingeacha. Mkutubi alicheka hadi akavua miwani. Bwana Rula aliandika kwenye daftari, akafunika kwa kiwiko.

Mkutubi amenipa darasa, kila Jumamosi. Kwa sharti moja tu: kile kifaa kibaki nyumbani. Akasema, mwalimu, wewe njoo na mdomo wako, unatosha.

Mke wangu amepitishwa mbele ya foleni ya duka. Hasemi nami.

Jumapili, 9 Machi

Nimetafakari kwa utulivu, kama inavyompasa mtu wa umri wangu. Funzo liko wazi. Watu tisini walivuta pumzi mbele ya ule mti. Mti ule ndio ulionipa darasa. Maelezo ya baadaye yalikuwa ya kupoteza muda tu. Mkutubi amesema kifaa kibaki nyumbani kwa sababu hajakiona kikifanya kazi gizani kwa dakika zaidi ya mbili. Akikiona, atanishukuru. Nimemwandikia binti yetu alete kikubwa zaidi. Kasoro ni madirisha, na madirisha yanazibika. Mbao nyembamba, rangi nyeusi, misumari. Maktaba imefungwa leo, hakuna wa kuniuliza.

Kazi ya leo: azima futi kwa fundi cherehani, kapime madirisha yote kumi na mawili.