Hotuba ya Kufungua Kiwanda cha Gibsaiti, Kanja

Mheshimiwa mwakilishi wa mwakilishi wa ofisi ambayo haikuweza kufika. Wazee waheshimiwa wa Kanja. Kina mama wa vikundi. Vijana wa boda boda mliotoka Runyenjes. Mwalimu Lydiah na wanafunzi wako mlioimba juani. Na, kwa unyenyekevu mkubwa, mimi mwenyewe, Injinia wa Heshima Gitobu Njura, Mwenyekiti wa Kamati Maalum ya Madini Meupe: itifaki imezingatiwa. (Makofi, hasa kutoka jukwaani.)

Ndugu wananchi, mwaka jana Mama Nelius, huyu aliyeketi mbele na jembe lake, alikuwa akichimba shimo la choo nyuma ya kahawa yake akakutana na udongo mweupe kama unga. Aliuleta ofisini kwangu akiuliza kama kuta za shimo zitasimama. Kiongozi asiye na vision angemjibu. Mimi niliufunga kwa gazeti, nikachukua gari la ofisi hadi Nchiru, kwa Daktari Mithika, anayefundisha habari za mawe chuoni. (Sauti: "Na choo?") Choo ni agenda ya mwaka ujao wa fedha.

Daktari aliupulizia pumzi, akaunusa, akanipa na mimi ninuse: harufu ya udongo. Akaukwaruza kwa sarafu, ukachubuka. Akanieleza kwamba hiyo ni gibsaiti, yaani alumini iliyoshikana na oksijeni na haidrojeni. Kwamba mvua za mlima wetu, zikinyesha juu ya mwamba kwa maelfu ya miaka, huyeyusha silika, yaani ile asili ya mchanga, na kuondoka nayo, na kinachobaki nyuma ndicho hiki. Kwamba ukiichoma hutoa maji yaliyomo ndani yake na kugeuka madini mengine, ukizidisha moto hugeuka alumina, na alumina hiyo ikipitishiwa umeme mwingi ajabu ndipo hupatikana chuma chepesi cha kutengeneza sufuria. Ndugu zangu, niliposikia sufuria, sikusikia tena kitu kingine. Nimeambiwa baadaye kwamba Daktari aliendelea kuzungumza, kwamba tabaka la Mama Nelius ni jembamba kama kiganja na halitoshi hata kijiko, lakini wakati huo mimi nilikuwa kwenye simu nikiunda kamati. (Kicheko. Mwenyekiti anainama kukipokea.)

Tulirudi hapa tukafanya public participation, ambapo sisi tulizungumza na Mama Nelius akashiriki kwa kusikiliza. Nilimweleza kwamba kahawa ni uchumi wa jana, na kwamba kiwanda kitaajiri asilimia mia moja na ishirini ya vijana wa eneo hili, wakiwemo wasiotaka kazi. Aliomba avune kwanza, maana matunda yalikuwa yameanza kuiva. Nikamwambia mwekezaji hawezi kungojea matunda. Basi akaing'oa, miti aliyoipanda na marehemu mumewe, akilia polepole bila kusimamisha kazi, nami niliyaona machozi yale kwa macho yangu, nikayaingiza kwenye ripoti kama mwitikio chanya wa stakeholders. (Hakuna anayecheka. Nelius anasimama.)

"Mheshimiwa, kiwanda kiko wapi?"

Swali zuri sana, mama, na linaonyesha umeelimika kupitia mradi huu. Kiwanda, kama gibsaiti yenyewe, kinapitia mageuzi. Kwa sasa kiko katika ile hatua ya kutoa maji.

"Maji yametoka kwangu," anasema Nelius. "Kwenu kumetoka nini?"

Hilo litajibiwa kwa maandishi. (Njagi, jirani yake, anateremsha kutoka kwenye pikipiki kreti la miche ya kahawa. Nelius anaikata kamba ya sherehe kwa jembe, anaingia palipotengwa kwa jiwe la msingi, pale pale kahawa yake ilipokuwa, na kuanza kuchimba mashimo. Kina mama wanamfuata.) Na hapo, mheshimiwa mwakilishi, jionee mwenyewe: wananchi wameanza kuchimba msingi kwa hiari yao, bila allowance. Hiyo ndiyo tunaita ownership!

Sasa tuseme pamoja. Gibsaiti! (Kimya.) Alumini! (Mbuzi anaitika.) Kanja juu, juu zaidi! (Wanafunzi wamekwenda kubeba maji ya kumwagilia miche, na Mwalimu Lydiah yuko pamoja nao.)

Kwa hayo machache, namshukuru Abdirahim, msafirishaji kutoka Maua, aliyetuachia lori lake likiwa limefunikwa turubai, ili mpate picha ya mitambo ingalikuwaje kama ingalikuwepo. Namshukuru mwekezaji, ambaye hadi leo hajapatikana lakini moyo wake tunao. Naishukuru kamati, ambayo ni mimi. Na zaidi ya yote nawashukuru ninyi kwa kuja kufungua kiwanda ambacho hakikuwahi kuombwa, kuchorwa wala kupitishwa na ofisi yoyote, jambo lililotuwezesha kukikamilisha kabla ya wakati. Asanteni, na Mungu awabariki.

(Mwenyekiti anashuka jukwaani akipunga mkono. Nelius, bila kuinua kichwa, anamwambia apite pembeni asikanyage miche.)