Mwaka Mzima kwa Alasiri Moja

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Barua imefika. Mama Ustawi, yaani ofisa wa ustawi wa jamii anayeshughulikia maombi yetu ya kuasili mtoto wa pili, atakuja kutukagua nyumbani Jumanne ijayo, saa kumi alasiri. Siku nane tu! Mke wangu ameisoma, akasema vizuri, akaendelea kumenya viazi. Vizuri! Mimi nimeisoma mara tano.

Naandika mambo yalivyo ili nisijidanganye. Mdogo, yaani mtoto tunayemwomba, ana miaka miwili. Yuko makao ya watoto. Tumeshamtembelea mara tatu, na mara ya tatu alinilalia begani, akaniloweshea shati kwa udenda. Shati hilo sijalifua. Nimelitundika nyuma ya mlango wa chumba changu cha kushonea. Tukifeli ukaguzi, Mdogo atapewa watu wengine. Basi.

Wasiwasi wangu ni Jaji. Huyu ni binti yetu wa kwanza. Tulimuasili akiwa na miaka mitatu, sasa ana saba. Jina la utani tulimpa kwa sababu husikiliza maelezo yangu mpaka mwisho, kisha hutoa hukumu. Leo nimemwambia kuna mgeni mkubwa anakuja. Akauliza anakuja kufanya nini. Nikasema kutuangalia kama tunafaa kuwa familia. Akauliza, sote? Nikasema sote, na wewe pia, kwa hiyo adabu! Akaenda akapanga viatu vyake. Nadhani imemwingia.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Darasa la wazazi watarajiwa. Viti vya plastiki, feni mbovu, na Bwana Faili mstari wa mbele kama kawaida yake. Bwana Faili naye anaomba mtoto wa pili. Ana kalamu za rangi nne. Mwalimu alitaja tu kwamba maofisa hupenda kuona picha za mtoto wa kwanza, waone ameishi vipi. Hajamaliza sentensi, Bwana Faili kashatoa albamu! Kila mwezi ukurasa wake. Mtoto anaogelea. Mtoto anapanda maua. Mtoto anacheka na bibi yake. Darasa zima likapiga makofi. Nami nikapiga, mikono ikiniuma.

Nilirudi nyumbani mbio kutazama simu yangu. Picha elfu nne na ushee. Mapazia! Kazi yangu ni kushona mapazia, sikatai, lakini elfu nne? Mapazia ya ofisini, ya sebuleni, pazia moja la bafuni nililolipiga mara tisa. Picha za Jaji ni kumi na moja. Katika saba kati ya hizo amenishikia ncha ya tepu ya kupimia, na uso umefunikwa na kitambaa.

Baba gani mimi? Nilikaa kwenye marobota ya kitambaa nikajiuliza hivyo kwa muda mrefu. Halafu wazo likanijia.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Mafanikio! Nimemwandikia Jaji maswali na majibu, ukurasa mmoja. Swali la kwanza: ungependa kupata mdogo? Jibu: ninatamani sana, nitamgawia vitu vyangu vyote. Swali la pili: wazazi wako hukasirika? Jibu: mara chache, na kwa upole. Swali la tatu: unafurahi hapa? Jibu: kupita kiasi. Ameyakariri yote kabla hata chai haijapoa.

Si hayo tu. Ameosha vyombo bila kuambiwa. Ametandika kitanda chake, akaja akatandika na chetu. Kila akipita mlangoni anasema samahani. Mtoto ambaye wiki iliyopita alinihukumu kwa kumaliza jamu!

Mke wangu haoni raha. Yeye ni muuguzi, amezoea kutafuta ugonjwa hata pasipo na ugonjwa. Anasema mtoto hajacheka tangu Jumatatu. Nikamwambia hiyo ndiyo nidhamu. Akaniuliza kama nimemweleza Jaji vizuri huyo mgeni anakuja kwa ajili ya nini. Nikasema nimemweleza vizuri sana.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Siku ya kazi. Mke yuko zamu mpaka jioni. Nimetengeneza mwaka jana mzima, picha moja kwa kila mwezi, kuanzia saa nane mpaka saa kumi na moja, ndani ya chumba cha kushonea.

Mpango ulikuwa safi. Pazia la bluu nyuma: bwawa la kuogelea, anga, safari. Pazia la kijani: bustani. Bluu miezi ya Januari, Machi, Mei, Julai, Septemba, Novemba. Kijani miezi iliyobaki, ili kurasa zipishane rangi na albamu ipendeze. Lakini nani atatundika na kutundua pazia mara kumi na mbili? Nikapiga bluu zote kwanza, kijani zote baadaye. Bwana Faili asingeweza kufikiria hilo.

Jaji alibadilisha nguo mara kumi na mbili bila kulalamika hata mara moja. Alikaa, akasimama, akaogelea juu ya meza ya kukatia. Nikisema cheka, anacheka. Nikisema basi, anaacha. Mfanyakazi wangu hajawahi kunitii hivyo.

Tatizo dogo tu: kwenye picha ya mwisho ya bluu aliuma tofaa, jino la mbele likang'oka. Lilikuwa linalegea siku nyingi. Damu kidogo, nikaifuta, hapakuwa na muda. Akalishika jino mkononi akaniuliza kama ataruhusiwa kwenda nalo. Kwenda nalo wapi? Akasema hakuna. Nikamwambia atabasamu basi, maana tunaingia Februari.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Albamu imekamilika. Nimeandika maelezo kwa mkono chini ya kila picha. Aprili: siku yetu ya bustani. Nimeifunika kwa kitambaa cha velveti kilichobaki kwenye kazi ya ukumbi. Nilijikuta nikiipapasa.

Jambo jingine la kutia moyo. Niliingia chumbani kwa Jaji kukagua, nikakuta ameshapanga vitu vyake kwenye begi la shule, vizuri kabisa. Sweta, magauni mawili, mswaki, kiberiti kitupu ambamo ametia jino lake, na kipande cha pazia letu la zamani la sebuleni. Chumba kizima kimebaki kitupu na safi! Sikumwagiza. Mtoto anajiongeza mwenyewe. Nimembusu kichwani nikamwambia baba anajivunia. Akafunga zipu ya begi, akasema ahsante.

Kesho ni kesho.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Nitaandika yote.

Mama Ustawi alifika saa kumi kamili. Mama wa makamo, viatu vya chini, sauti ya taratibu. Aliomba maji tu. Nikamwekea albamu mapajani kabla hajayanywa.

Akafungua Januari. Akatabasamu. Februari. Akasema, alaa, mtoto aling'oka jino, lini hiyo? Nikasema mwezi huohuo wa pili, kumbukumbu nzuri sana. Akafungua Machi. Jino lipo. Aprili, halipo. Mei, lipo. Nikamsogezea maji. Juni, halipo. Julai, lipo tena, jeupe pe! Alifika Desemba, akafunga albamu. Kisha akaniuliza, kwa upole ambao sitausahau, baba, jino moja limeng'okaje mara sita? Nikajibu kwamba binti yetu anakunywa maziwa mengi. Ndivyo nilivyojibu. Mimi, mtu mzima.

Mke wangu aliweka kikombe chini. Hakuwahi kuiona albamu ile kabla ya leo.

Akaitwa Jaji. Mama Ustawi akamuuliza kama angependa kupata mdogo. Jaji akasimama wima, akajibu jibu la kwanza, la pili na la tatu kwa mkupuo, bila kupumua. Ninatamani sana, nitamgawia vitu vyangu vyote, mara chache na kwa upole, kupita kiasi. Halafu akatoka. Nikadhani ameenda kujificha. Akarudi amevaa viatu vya shule, begi mgongoni, akakaa kando ya Mama Ustawi. Akamuuliza kama wanakwenda kwa miguu au kwa gari.

Mama Ustawi akalitazama begi. Basi akasema hivi, nayaandika kama alivyoyasema: “Baba msimfelishe. Jino ni langu. Mimi ndiye niliyeng'oka.”

Mungu wangu. Siku nane nzima! Siku nane mtoto alikuwa anaaga, na mimi nampigia picha.

Mke alishamfikia kabla mimi sijainuka. Nililia mbele ya ofisa wa serikali, na kitambaa cha karibu kilikuwa ile velveti ya albamu. Nilipiga magoti nikamwambia Jaji kwamba mtihani huu si wake, kwamba yeye ni wetu, amekuwa wetu miaka minne, hakuna mtu wa kuja kumchukua. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kama imeandikwa popote. Nikaenda kutafuta hati ya mahakama. Sikuiona! Nilimwaga droo tatu, nikaikuta katikati ya sampuli za vitambaa. Nikamsomea. Akataka nirudie pale penye jina lake. Nikarudia. Akauliza, sasa kwa nini Jumamosi tulifanya mwaka mzima?

Nikaanza kumsomea hati tena toka mwanzo.

Mama Ustawi hakutufaulisha wala hakutufelisha. Atarudi baada ya wiki mbili. Mlangoni alinishika mkono, akaniomba kitu kimoja tu: nisiandae chochote. Chochote, baba. Anataka kuikuta nyumba ilivyo.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Sikufungua kazi. Nimeshinda sakafuni chumbani kwa Jaji. Hakwenda shule. Yeye alichora, mimi nilikaa. Sikupiga picha.

Ametoa sweta kwenye begi. Sweta peke yake. Magauni, mswaki, kiberiti na kipande cha pazia bado vimo, na begi ameliweka chini ya kitanda. Nilimwambia anaweza kutoa vyote. Akasema atatoa polepole. 

Mke wangu hajanigombeza. Ningependa anigombeze. Alisema tu kwamba mtoto alihitaji sentensi moja, na mimi nikampa maswali matatu na majibu. Ni kweli. Nimelitundua lile pazia la kijani. Nimeelewa. Naapa nimeelewa, na nimeyaandika hapa ili nisije nikasahau.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Nimelala nikawaza, nimeamka na akili mpya. Mama Ustawi anataka nyumba isiyoandaliwa. Sawa sawia! Lakini nyumba isiyoandaliwa haiji yenyewe tu. Inahitaji kazi.

Nimechora ramani ya sebule. Kandambili tatu zitawanyike, lakini si mlangoni, asije akajikwaa. Kikombe kimoja kisichooshwa. Saa kumi na robo Jaji amwage juisi kidogo, mimi nicheke kwa upole, mke aseme haidhuru. Mke ameikataa sehemu yake, nitaisema mwenyewe. Nimepata habari kwamba Bwana Faili amefaulu, eti alimpokea ofisa akiwa na nguo za kulalia. Nguo za kulalia! Nimetoa zangu nikazipiga pasi.

Nikamwita Jaji, nikamweleza kwamba safari hii hakuna kukariri, atakuwa yeye mwenyewe tu, na tutaanza mazoezi leo baada ya shule. Akasikiliza mpaka mwisho. Nikangoja hukumu. Hakuitoa. Aliuliza tu begi likae wapi siku hiyo.

Swali zuri! Sikuwa nimelifikiria. Nimeliongeza kwenye orodha, namba tisa: begi, chini ya kitanda, lisukumwe mpaka ukutani lisionekane.