Uzinduzi wa Ofisi Huru ya Malalamiko ya Mahabusu

Mheshimiwa mgeni rasmi, ambaye ni mimi; mheshimiwa mwenyekiti wa kamati ya maandalizi, ambaye pia ni mimi kwa kukaimu; makamanda wa vikosi vyote, wenye nyota mabegani na wanaozisubiri; wadau wa maendeleo mliokaa kivulini; wananchi mliosimama juani; na wewe mama wa yule fundi cherehani, uliyekaa mstari wa mbele bila kualikwa: kila mwenye cheo ajihesabu ametajwa, na asiye nacho avumilie. (Makofi kutoka kivulini.)

Nasimama mbele yenu kwa unyenyekevu, jambo ambalo hata mke wangu anakiri nalifanya kwa kelele kuliko wanyenyekevu wengine, kuzindua Ofisi Huru ya Malalamiko ya Mahabusu, mradi mtambuka, shirikishi na endelevu, uliobuniwa katika semina, ukapitishwa katika warsha, ukaboreshwa katika kongamano la hotelini ambako mimi mwenyewe nilichangia mawazo mpaka nikapitiwa na usingizi. (Kicheko. Kamanda mmoja anageuka kuangalia nani amecheka.)

Ndugu zangu, tumetoka mbali. Zamani mahabusu akipigwa alikuwa hana pa kusemea. Leo, kwa mujibu wa takwimu nilizozisoma ndani ya gari nikija hapa, malalamiko yamepungua kwa asilimia mia moja, na wataalamu wananihakikishia yangepungua zaidi kama tungekuwa tunayapokea. Imebainika pia kwamba wengi wa walioumia waliteleza bafuni. (Sauti: "Bafu lipi?") Nashukuru kwa swali. Ni kweli kituo chetu hakina bafu, na hiyo ndiyo changamoto ya kitaalamu tunayokabiliana nayo, mtu anatelezaje mahali ambapo hapajajengwa, ndiyo maana tukaunda kamati ya uchunguzi, na mwenyekiti wake tukamteua sajenti wa zamu kwa kuzingatia uzoefu, kwa sababu kila anapoteleza mtu yeye huwa yupo palepale. (Minong'ono.) Atajihoji, atajipa nafasi ya kujitetea, na asiporidhika na uamuzi wake atakata rufaa kwangu, na mimi ni shemeji yake.

Sasa huyu mama. Tangu mwanawe akamatwe amekuwa akinisubiri getini, na swali lake ni moja, analirudia hata sasa ninapohutubia, si adabu lakini namsamehe: ni nani aliyemvunja mwanangu mkono wa kulia, na atapelekwa mahakamani lini. Anasema mkono ule ndio unaowalisha. Mama, mimi pia ni mzazi. Swali lako lilininyima usingizi mpaka daktari akaniandikia dawa, na sasa nalala vizuri sana. Natamka hadharani kwamba hakuna aliye juu ya sheria, ingawa tupo wachache tuliokaa kando yake kidogo.

Tusonge mbele. (Anakata utepe. Makofi.) Tazameni mlango huu, kijani kibichi, kitasa cha shaba. Shukrani za pekee zimwendee fundi rangi, ambaye bajeti ilipopita semina, warsha na kongamano ikamfikia yeye peke yake, akauchora ukutani kwa ustadi kiasi kwamba mimi asubuhi nilihangaika na kitasa nikidhani kimekwama, mpaka dereva wangu akanishika bega. Kwa hiyo ofisi hatuna, wala hatukuwahi kuwa nayo, lakini mlango upo. Uwajibikaji! (Kivulini: "Oyee!") Haki kwa kila mahabusu! (Kivulini: "Oyee!" Juani hakuna anayeitikia.)

Mama, unakwenda wapi? Usiguse, rangi haijakauka. (Mama anagonga mlango.) Mwacheni, atachoka mwenyewe. Nyuma ya ukuta huo hakuna mtu wa kukusikiliza, mama, ni selo tu. (Kutoka ndani, mtu anajibu kwa kugonga.)

(Mama anaweka sikio kwenye rangi mbichi. "Baba, ni wewe? Gonga na mkono wa kulia.")

(Kimya. Watu wote wanasubiri, hata walio kivulini.)

Basi, asanteni kwa kunisikiliza. Fundi mitambo, weka muziki. Tafadhali, weka muziki.