Mabamba Sita ya Mwamba wa Bega

Kalemie, Jumatano asubuhi

Kwa Mama Ingénieur Kapinga,
Kiongozi wa Mradi wa Serikali wa Utafiti wa Mawasiliano Bila Waya na Malighafi Mpya,
Kwenye biro yenu ya bandarini.

Mama Ingénieur,

Kwa heshima yote unayostahili, na kabla ya neno lolote, nakuuliza habari za usingizi, za kazi, za watoto, na za lile goti lako lililoteguka siku mlipopanda mwamba wa Bega. Najua barua za biro siku hizi haziulizi. Mimi nauliza, na sababu yake utaikuta chini kwenye namba ya pili.

Mimi ni Cyprien Ngoy, nahodha wa boti ya moteri inayokwenda Mpala kila Ijumaa na kurudi Jumapili. Watu wanadhani nabeba mihogo na samaki wakavu. Ni kweli, lakini kazi yangu hasa ni kubeba habari. Kwa miaka ishirini na miwili, mtu wa Kalemie akiwa na neno kwa mtu wa Mpala alikuja ufukweni akanieleza, nami nikalifikisha kwa mdomo wangu. Sijaandika hata moja. Zote zilikaa kichwani, zimepangwa kama mizigo, nzito chini na nyepesi juu.

Mwaka jana mlikuja na pesa za serikali, yaani zetu sote tunaolipa kodi. Mlituita kwenye ukumbi wa parokia, nami nilikaa kiti cha mbele. Mlisema mwamba wa Bega unazuia sauti ya antena ya Kalemie isifike Mpala. Mlisema mmepata malighafi mpya, nyembamba, isiyoshika kutu wala kuomba umeme, na kwamba mkifunga mabamba sita ya malighafi hiyo juu ya Bega, sauti itayagonga, itakata kona na kuingia Mpala, kama mpira uliopigwa ukutani. Nilipiga makofi. Nilidhani ni utafiti kama mwingine, kwamba mtapima, mtaandika, mtaondoka. Sikujua kwamba utafanya kazi.

Ulifanya kazi, na hapo ndipo malalamiko yangu yanapoanza.

1. Habari mbaya sasa zinafika uchi. Mimi nina utaratibu wangu. Habari ya kifo simpi mtu ambaye hajala. Nafika, nauliza hali ya nyumba, nakaa. Nauliza, "Ulishakula?" Kama bado, nangoja mpaka sahani iishe. Halafu nasema, "Ndugu yako iko mugonjwa kidogo tu." Kesho yake narudi na kusema amezidiwa. Ikifika jioni mwenyewe ananiambia mimi, "Papa Cyprien, ndugu yangu alikufa," nami nakubali kwa kichwa. Katika miaka yote hii sijawahi kumwambia mtu hata mmoja kwamba mtu wake amekufa. Wote wameniambia wao.

Mama Séraphine, anayeuza unga wa muhogo sokoni, alipigiwa simu kutoka Mpala akiwa ameshika kipimo, mteja mbele yake. Neno la kwanza lilikuwa "Allô" na la pili "Kaka alikufa." Unga wote ulimwagika. Alikaa chini katikati ya unga huo, hajala tangu asubuhi, na hakuna aliyejua amshike wapi. Nasikia mlipima kasi ya sauti siku ile mkafurahi. Je, Mama Séraphine mlimpima?

2. Salamu zimekufa. Anayeshika simu anauliza, "Uko wapi?" kisha anaingia kwenye shida yake. Mimi sijawahi kuulizwa niko wapi, kwa sababu nilikuwa mbele ya mtu, nimelowa maji, na kila mmoja aliniona. Papa Chérubin wa Mpala alizungumza na shemeji yake kwa simu miezi mitatu mfululizo bila kujua kwamba nyumba ya shemeji ilikuwa imeungua paa. Hakuuliza habari za nyumba. Kwa utaratibu wangu, nyumba inaulizwa ya pili, mara tu baada ya watoto.

3. Matusi yanafika yakiwa ya moto. Hili halijulikani na wengi, nawe nakuomba ulitunze. Zamani tusi likitoka Mpala lilikuwa na siku nzima ya kusafiri, na mimi nilikuwa nalo botini. Maneno mabaya zaidi niliyaangusha majini. Matusi mengi ya familia za Mpala yako chini ya ziwa, Mama Ingénieur, na yangebaki huko. Kuna ndugu wawili, Emile wa huku na Kalenga wa kule, waliogombania shamba la marehemu baba yao miaka tisa kupitia kwangu. Emile akisema, "Muambie ule mwizi," mimi nilifikisha, "Kaka yako anauliza habari za shamba." Miaka yote tisa kila mmoja aliamini mwenzake ni mkaidi kidogo tu. Siku mtandao ulipofika, walisikilizana wenyewe kwa mara ya kwanza. Sasa wako mahakamani.

4. Hili ni la nyumbani. Nilitaka kuliacha, lakini barua yenye kuacha kitu si barua.

Binti yetu Evodie aliolewa Mpala na mwalimu Hénoc miaka minne iliyopita, bila kungoja neno langu. Niliapa kwamba sitakanyaga ua wake. Kiapo nimekishika: kila Ijumaa nafunga boti Mpala na sivuki mchanga wa ufukwe. Evodie akawa anateremka mwenyewe kunipa habari za kumpelekea mama yake, kama mteja mwingine yeyote, nami nikazichukua kama kazi. Lakini baba naye ni mtu, na habari nyingine zilipungua njiani. Aliposema, "Muambie Mama akuye, siku za kuzaa zimekaribia," mimi nilifikisha, "Evodie anakusalimia." Salamu ilikuwemo, sikudanganya. Aliposema, "Muambie Papa anisamehe," niliichukua hiyo pia, lakini aliyetumiwa alikuwa kazini, hakupatikana. Na aliposema, "Muambie Papa, mutoto njo anaitwa Cyprien," hiyo sikumpa mtu yeyote. Nilikaa nayo. Iliniuma, bado inaniuma, na naiandika hapa kwa sababu wewe si mtu wa nyumbani.

Mabamba yalipofungwa, mke wangu Mama Aimée alinunua simu. Mazungumzo yake ya kwanza na Evodie yalichukua muda ambao bukari, ugali wetu, ingeiva mara mbili. Kumbe mama alidhani binti hamtaki, na binti alidhani mama amekataa kuja. Walilia, mmoja huku na mwingine kule, na sauti zote mbili zilipita vizuri sana kwenye malighafi yenu. Kisha Mama Aimée aliweka simu mezani akanitazama. Tangu siku hiyo ananipikia chakula kizuri kabisa na haniambii neno. Akiwa na jambo na mimi, anamwambia jirani wakati mimi niko karibu.

Baadaye walipanga, bila mimi, kwamba Evodie ambaye sasa ana mimba ya pili atapiga simu akiona dalili, na mama atapanda boti ya kwanza. Mfuko umeshafungwa. Uko mlangoni, na kila nikiingia nyumbani inabidi niuruke.

5. Hili nalifupisha. Nimebaki na mihogo, nayo haina la kuniambia.

Ni kweli, nimesikia kwamba bamba la nne limepotea wiki mbili sasa na Mpala imenyamaza. Mmebandika tangazo bandarini, na Ingénieur Doudou amepita boti hadi boti akiuliza. Nilimjibu kwa heshima kwamba upepo wa ziwa una tabia yake. Poleni sana. Lakini katika utafiti mtu asifiche matokeo: katika wiki hizo mbili watu wamerudi ufukweni, wamesimama foleni, wameniuliza habari za moteri na za mgongo wangu, na mimi nimelala vizuri. Mama Aimée peke yake hajarudi. Anakaa mlangoni karibu na mfuko, simu mkononi. Jumapili iliyopita nilitoka Mpala. Evodie hakuteremka ufukweni safari hii, kwa hiyo nilimwambia mama yake kwamba ni mzima. Aliitazama simu, akanitazama mimi, akarudi kwenye simu.

Kwa hayo yote, naomba yafuatayo.

Kwanza, mabamba matano yaliyobaki yateremshwe, na Bega liachwe lizuie kama lilivyoumbwa.

Kama hilo ni gumu kwa sababu ya wakubwa wa Kinshasa, basi malighafi yenu iongezwe akili. Mlituambia pale parokiani kwamba inaweza kuchagua mawimbi, haya iyageuze na yale iyaache yapite. Ikiwa inajua kuchagua mawimbi, ifundishwe kuchagua maneno. "Amezaa" lipite mara moja. "Amekufa" lisimame mwambani mpaka mwenye kupokea awe amekula na kunawa mikono.

Na kwa kuwa bamba haliwezi kujua nani amekula, niajiriwe mimi. Nitahitaji kiti chenye mgongo na mwavuli, juu ya Bega, na kila sauti inayokwenda Mpala ipitie kwangu kwanza. Sitazuia kitu. Nitapanga tu. Katika ripoti yenu msiniweke kwenye orodha ya watafiti, maana najua nafasi zimejaa. Niwekeni chini ya malighafi mpya. Mimi pia ni mwembamba, sishiki kutu, na sijawahi kuomba umeme.

Nisalimie Ingénieur Doudou, umwambie aache kupanda ule mwamba na viatu vya ofisini. Nisalimie Papa Emile mlinzi wa geti, ambaye si yule Emile wa shamba, na mama mpishi wenu, na wale wageni wawili waliokuja na vipimo wakapigwa na jua. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa umeshakula.

Mimi, mtu wako wa ufukweni,
Cyprien Ngoy,
nahodha na mbeba habari, Kalemie hadi Mpala.

Nakala kwa: Mkuu wa bandari; Padri wa parokia; Mama Aimée (isipokuwa namba ya nne).

P.S. Alhamisi, mapema. Barua ilikuwa bado mfukoni nikingoja mtu wa kuileta. Asubuhi hii imefika boti nyingine kutoka Mpala, na nahodha wake Dédé, niliyemfundisha kazi mimi mwenyewe, amekuja moja kwa moja hadi kwangu. Ameniuliza nimelalaje. Ameniuliza habari za moteri, akauliza habari za nyumba, kila moja mahali pake kabisa. Kisha amekaa, akaniuliza, "Papa, ulishakula?" Nikamwambia bado. Akasema atangoja.

Sikuweza kula. Nilimshika shati nikamwambia aseme. Akaangalia chini akasema, "Evodie iko mugonjwa kidogo tu."

Mama Ingénieur, sentensi hiyo ni yangu. Nimeitumia miaka ishirini na miwili na najua vyumba vyake vyote. Mara nyingine ndani yake mna malaria tu, na mara nyingine mna kile ambacho sijawahi kukitamka. Nilimuuliza Dédé ni lipi kati ya hayo mawili. Aliniambia ananiheshimu mno, hawezi kunijibu hivi hivi kabla sijala. Nilimfundisha vizuri mno.

Bamba la nne ninalo mimi. Liko juu ya jiko langu, na ndagala wanakauka juu yake vizuri kuliko juu ya mkeka. Nililifungua kwa mikono yangu, nikajiambia kwamba kwa kodi yangu nina sehemu yangu, na upepo hauhusiki. Nimeshalishusha na kuliosha, lakini linanuka samaki kidogo, mtanisamehe. Sasa hivi limo botini. Mama Aimée naye yumo, na mfuko wake. Nimemwambia yote kwa neno la kwanza, bila kumuuliza kama amekula, na amenijibu. Ni neno moja tu alilosema, "Twende," lakini aliniambia mimi mwenyewe.

Bega liko njiani. Nitapanda kwanza nilifunge, kisha tutaendelea. Futeni maombi yote hapo juu, na mabamba matano yabaki mahali pake. Nataka kujua kitu kimoja tu: upande unaong'aa unaelekea Kalemie au Mpala? Pale mwambani simu yangu inapata sauti ya antena yenu, na namba yangu Dédé atakupa pamoja na barua hii. Na bamba likishakaa, mwalimu Hénoc akiwapata ninyi kabla yangu, nipigieni nikiwa ziwani au mwambani, msiulize habari za safari, semeni neno lenyewe kwanza, hata kama sijala.