Kuuza Kiwanda kwa Kukataa Mara Tatu

Jumatatu, 11 Machi
Mimi tajiri! Bado kusaini tu. Bwana Pellegrino wa New Jersey anataka hisa zangu zote za kiwanda cha hita, zile za vibanda vya kuvulia samaki kwenye barafu. Shemeji Marlys, dada wa mke wangu na mhasibu wa kodi, akanitilia kitumbua mchanga. Eti hisa za kampuni ndogo husamehewa kodi ya faida ukiwa umezipata kwa kampuni yenyewe, si kwa mtu, na umezishika zaidi ya miaka mitano. Zangu zinatimiza miaka hiyo tarehe kumi na tisa. Nikiuza kabla, kodi itakula hela ya kukomboa nyumba niliyoiweka rehani. "Haraka haraka haina baraka, shemeji." Wivu tu. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na jirani Duane keshaagiza boti mpya.

Alhamisi, 14 Machi
Nilimwita Pellegrino kwa siri, Marlys akiwa kazini. Mke wangu Ardis akaoka keki, akidhani ni mgeni tu.

Balaa! Pellegrino akataja bei. Nono! Sasa, hapa Bemidji mwenye adabu hakubali kitu mara ya kwanza, hata kikombe cha kahawa. Nikasema hapana, asante, ni nyingi mno. Nikasubiri anibembeleze mara ya pili na ya tatu. Akasema, "Basi mzee, nimekuelewa." Akavaa koti! Nikamfuata kwenye theluji nikiwa na soksi tu. Nilipomfikia, mdomo wangu ukamuuliza kama angependa kubeba keki. Akakubali papo hapo. Watu wa New Jersey hawana haya!

Ardis akauliza kwa nini soksi zimelowa. Nikamwambia yote. Akasema taratibu, "Na nyumba, Verlyn?" Niliogopa kweli.

Jumatano, 20 Machi
Pellegrino kapiga simu! Eti hajawahi kukutana na mfanyabiashara mgumu kama mimi. Kaongeza bei! Nilifungua mdomo kusema hapana, Ardis akanikanyaga mguu. Nikasema ndiyo.

Ijumaa, 22 Machi
Tumesaini. Marlys kakagua tarehe: miaka mitano imeshapita, kodi ya faida hakuna. "Mungu anakupenda, shemeji, maana akili hukutumia." Nyumba ni yetu! Ardis alicheka huku akilia. Mimi nililia gerejini, peke yangu. Nilijihisi mwepesi kama niliyevua buti za barafu.

Jumatatu, 25 Machi
Nimetafakari. Ile hapana ilikuwa mkakati. Nimemweleza Duane, akakiri mimi ni bingwa. Akaniomba ninunue hisa zake za kampuni ndogo ya binamu yake, kwani boti imemaliza mfuko. Nilikataa mara tatu, kiungwana. Ya nne nikalipa. Duane alizishika miaka minne, kwa hiyo mimi nimebakiza mmoja tu!

Marlys sijamwambia. Atajifunza siku nitakapouza.