Taji Kwenye Kaburi la Kina Lownie

Jumatatu, 6 Agosti 2018

Nimepata! Siku zote nilijua mimi Wattie Lownie si mtu wa hivihivi. Leo nimesugua ukoga kwenye jiwe la kaburi la babu wa babu zetu, nyuma ya kanisa, kwa mswaki wa mke wangu. (Hajui.) Kikachomoza nini? Taji! Taji kabisa, na ncha zake! Chini yake nyundo, fuvu, mifupa na saa ya mchanga.

Nimefasiri yote palepale. Taji: ufalme. Nyundo: ya hakimu, maana mfalme ndiye aliyehukumu. Fuvu: adui yetu, marehemu. Saa ya mchanga: kiti chetu kiliporwa, tusubiri wakati wetu. Damu ya kifalme!

Jumanne, 7 Agosti

Nimemweleza Ishbel. Amesema mfalme amalize kwanza kuosha vyombo. Kisha akauliza mswaki wake umefanyiwa nini.

Jumatano, 8 Agosti

Nimemwendea Effie Petrie, katibu wa michezo ya kijiji. Nimedai kiti cha heshima cha Jumamosi, kile cha mgeni rasmi. Mwaka wa kumi na moja huu anakikalia yeye mwenyewe! Akataka ushahidi. Nikamwambia: taji na nyundo. Akatabasamu. Akasema kiti ni changu. Bila ubishi! Ametishika, maskini.

Ijumaa, 10 Agosti

Mavazi tayari. Kilti ya marehemu baba, ile sketi ya wanaume wa Kiskoti, inabana. Joho nimelikata kwenye pazia la mahameli la sebuleni. Ishbel amelia. Nadhani ni fahari.

Jumamosi, 11 Agosti

Aibu! Mwanzo ulikuwa mtamu: zumari, makofi, mimi kitini napunga mkono. Ndipo Effie akashika kipaza sauti. Akatangaza kwamba taji na nyundo ni alama ya chama cha wahunzi wa zamani. Fuvu na saa ya mchanga? Vya kila mtu, kumkumbusha apitaye kwamba naye atakufa.

“Na kwa bahati njema,” akasema, “farasi wa Tam Mudie kang'oka kiatu. Haya, Bwana Lownie, mjukuu wa wahunzi, tusaidie!”

Uwanja mzima hoi kwa kicheko. Tam naye akanipigia goti: “Mtukufu, nyundo yako hii hapa!”

Ningekataaje mbele ya watu? Nikainua mguu wa farasi. Farasi akaushusha. Juu ya wangu.

Nimerudishwa nyumbani kwa toroli, joho linaburuta. Ishbel alinifunga bandeji, akaniambia polepole kwamba mhunzi alihitajika kila siku, mfalme mara mojamoja, kwa hiyo nijivunie nilichonacho. Nikakubali. Nimeapa: mawe basi!

Jumapili, 12 Agosti

Baada ya ibada niliketi kupumzisha mguu kwenye kaburi la upande wa mama. Niliegemea tu! Kidole kikagusa mchongo. Mkasi! Mkubwa, umepanuliwa, na kando yake pasi. Nusura nizimie. Babu alikuwa daktari wa upasuaji! Pasi ni ya mashuka ya wagonjwa, jambo liko wazi. Barua kwa hospitali nimeshaipeleka: wodi moja ipewe jina letu.

Ishbel ana kijipu shingoni. Nimemwambia asihangaike kwenda kliniki, akae tu karibu na dirisha penye mwanga.

Ajabu. Amejifungia chooni.